Bakuli la Magan na Tundu la Waya

Nyinyi mliobaki ghalani mmenisumbua tangu wiki niliyorudisha funguo. Kila siku ujumbe: Bi Rayya andika, Bi Rayya utasahau. Sijasahau kitu. Shida ni kuwa mnataka mambo mazuri ya kusomwa kwenye kikao, na mimi sehemu kubwa ya miaka yangu katika jumba la makumbusho niliipitisha nikiwa nimekereka. Basi nitaandika kama ilivyokuwa. Vyeo na mishahara sitavitaja, havina la kumfundisha mtu.

Niliingia kazini kama mpiga taipu. Nilikuwa nimefika Maskati kutoka Unguja na mama yangu, nnajua Kiarabu cha chuo cha Kurani na Kiingereza cha skuli, na jumba lenyewe wakati huo lilikuwa nyumba ya zamani yenye ghorofa mbili na kiyoyozi kimoja, ambacho kilikuwa chumbani kwa mkubwa. Siku ya kwanza nilipewa karatasi niipeleke chini kwa fundi wa fedha. Fundi huyo alikuwa mzee wa Nizwa, Maalim Nasser, na chini ndiko vitu vyote vilikohifadhiwa. Hakuipokea karatasi. Aliniangalia mikono.

"Una pete," akasema. "Ivue, au ubaki hapo mlangoni."

Nikabaki mlangoni, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na kiburi. Lakini kutoka pale mlangoni nilimwona anavyokishika kikuku cha fedha, kwa mikono miwili, juu ya mto wa pamba, kama mtu anayempokea mtoto mchanga kutoka kwa mkunga. Wiki tatu baadaye niliomba nihamishiwe chini. Wakubwa walicheka. Msichana anayejua kupiga taipu lugha mbili anataka kwenda kufuta vumbi.

Maalim Nasser hakunipa hata vumbi la kufuta. Mwezi mzima hakuniruhusu kugusa kitu. Alinipa penseli na kuniwekea mkufu mmoja wa kibedui mezani, nikauchora mara kumi na moja. Kila nikimaliza aliuliza jambo lile lile: uliwahi kuvunjika wapi? Kwa sababu kitu kilichowahi kuvunjika, alisema, kitavunjikia pale pale, na asiyepajua mahali pale atakivunja yeye. Siku niliyomwonyesha kiungo cha saba, kilichoungwa kwa risasi badala ya fedha, akaniambia sasa nioshe mikono.

Vifaa vyetu vingekuchekesheni. Kulikuwa na daktari wa meno mtaani Hamriya anayefunga kliniki yake, tukamnunulia vindoano vyake vyote. Brashi zilikuwa za poda ya uso. Vijiti vya mishikaki tulivichonga ncha wenyewe. Nimeona siku hizi mtu hajajua kukishika kikombe na tayari ameagiza sanduku la vifaa kutoka Ulaya. Sisemi jina. Anajijua.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa ya makabati mapya. Yaliletwa mazuri mno, ya mbao zilizogandishwa kwa gundi, kioo safi, na kila mtu akafurahi. Baada ya miezi miwili fedha yote iliyokuwamo imekuwa nyeusi kama tako la sufuria. Walaumiwa walikuwa wengi: hewa ya bahari, wanawake wa usafi, mimi. Maalim Nasser alifungua kabati moja, akaingiza pua, akasema mbao inapumua. Hakuna aliyemsikiliza. Akachukua mitungi miwili yenye vifuniko, akatia sarafu ya fedha iliyong'arishwa katika kila mmoja, na katika mmoja akaongeza kipande cha ile mbao. Akangoja. Sarafu yenye mbao ilipokwisha kuwa nyeusi, alipanda juu na mitungi yake, akaiweka mezani kwa mkubwa, akashuka. Hakusema neno. Makabati yakaondolewa.

Kwa yule mzee nilijifunza kupeleka ushahidi na kunyamaza. La kwanza nililiweza.

Miaka ikapita hivyo. Tukahamia jengo kubwa, Maalim Nasser akarudi kwao Nizwa na huko akafariki, mimi nikarithi kigoda chake. Nimeshuhudia mgeni wa heshima akitaka kulijaribu jambia kiunoni, mwalimu akiwaegemeza wanafunzi arubaini kwenye kioo kimoja ili awahesabu, na mwandishi wa khabari aliyefunga safari kuniuliza kama vitu vya makaburini vina laana. Nilimwambia vina kingo kali, avae glavu.

Halafu, miaka michache kabla sijastaafu, yakaja maonyesho ya Sumeri.

Kwa wale ambao mlikuwa hamjaajiriwa: jumba moja la nje lilikubali kutuazima hazina za makaburi ya mji wa Uru, kule Iraki ya kusini, vitu vyenye zaidi ya miaka elfu nne. Kulikuwa na taji la majani ya dhahabu, membamba hata ukipumua karibu yanatikisika. Kulikuwa na shanga za akiki na za jiwe la buluu iliyokolea, na pini za fedha za nywele za watumishi waliozikwa pamoja na bibi yao. Na kulikuwa na bakuli la shaba, dogo, la kunywea, lenye ukingo uliopinda upande mmoja. Bakuli hilo ndilo mudir wetu, mkurugenzi wa jumba, alilolipenda kuliko dhahabu yote. Maandishi ya Wasumeri yanataja shaba iliyotoka nchi ya Magan, na wataalamu wengi wanasema Magan ni huku kwetu, milima hii hii. Mudir akatengeneza bango lenye picha ya bakuli, refu kuliko mlango, limeandikwa: Limerudi Nyumbani.

Mudir alikuwa Bwana Talal, kijana kwangu, wazee wake walitoka Tabora. Nyumbani kwao walisema Kiswahili kama kwetu. Kazini alikuwa na desturi moja: akitaka kunipa amri alisema Kiarabu, akitaka nimfanyie jambo lisilostahili alihamia Kiswahili na kuniita mama.

Vitu vililetwa na mwakilishi wa wenyewe, Dokta Marit, mwanamke mrefu wa maneno machache. Tulielewana siku ile ile, kwa sababu Talal alitaka masanduku yafunguliwe uwanjani papo hapo ili yapigwe picha, na sisi wawili tukasema la kwa pamoja. Masanduku hukaa kwanza, yamefungwa, mpaka vilivyomo vizoee joto na unyevu wa nyumba mpya. Talal aliyapiga picha yakiwa yamefungwa. Mkataba ulisema kabati likishafungwa halifunguliwi ila Dokta Marit awepo. Niliusoma, nikatia saini, na niliuona wa haki.

Kwenye ukumbi ule aliwekwa mlinzi anayeitwa Josphat, Mkamba wa Machakos, mtu wa miaka arubaini na kitu, ameajiriwa na kampuni ya ulinzi tuliyoikodi. Walinzi wengi husimama wakitazama simu. Huyu alisoma maelezo ya kila kabati, na alipoyamaliza akayasoma ya Kiarabu kwa kuniuliza mimi.

"Madam," aliniambia siku moja, "hii Uru ndio ile ya Abrahamu? Uru wa Wakaldayo?"

"Wengi wanasema ndiyo. Nabii Ibrahim. Lakini hawa walizikwa kabla yake kwa muda mrefu."

Akaelekeza kidole kwenye pini za nywele, kwa mbali, bila kukaribia kioo. "Na hawa wasichana wa kazi. Hapa wameandika walimsindikiza malkia wao. Waliulizwa?"

Nikamwambia wataalamu wanabishana.

"Ni sawa," akasema. "Mimi nauliza tu."

Niliomba lile neno "walimsindikiza" libadilishwe. Nikajibiwa kuwa maelezo yameshachapishwa.

Siku tatu kabla ya ufunguzi, mpambaji aliyeletwa na Talal aliamua bakuli haling'ai. Alitaka taa chini yake, ndani ya kabati, na waya upite kwenye kitako. Nikasema haiwezekani. Kabati lile limepimwa halipitishi hewa. Ndani yake tumetia punje za kunyonya unyevu, zile zinazokuja katika vijifuko kwenye maboksi ya viatu, ila zetu ni nyingi na tunazipima. Ukilitoboa tumerudi mwanzo.

"Mama," akasema Talal, na nilipolisikia hilo neno nilijua, "ni tundu la kidole kidogo."

"Hata la sindano."

Dokta Marit alikuwa ukumbi wa pili na taji lake, na bakuli lilikuwa bado halijawekwa kabatini. Nilikwenda kusali adhuhuri na kula. Niliporudi kulikuwa na unga wa mbao sakafuni, na fundi wa umeme anakunja waya wa keekee yake. Dokta Marit aliambiwa tundu limezibwa kwa gundi ya mpira. Alilitazama, likaonekana limezibwa kweli, akaliweka bakuli. Nikaomba kabati lipimwe tena. Hakukuwa na wakati. Nikaandika waraka wa nusu ukurasa, ukawekwa faili. Na kipimo cha unyevu kilichokuwa pembeni mwa bakuli kilihamishiwa nyuma ya bango, nje ya kabati, kwa sababu kinaharibu picha. Nirudie, kwa faida ya mtakaoyasikia haya kwa mara ya kwanza: kipimo cha hewa ya ndani ya kabati kiliwekwa nje ya kabati.

Ufunguzi ulipita, watu wakapiga picha na bakuli, Dokta Marit akaondoka aje tena baada ya muda. Kisha joto likaanza. Mnaijua Maskati ya miezi ile, asubuhi unatoka nje miwani inaingia ukungu. Ile taa ilipasha hewa ya kabati mchana, ikapoa ilipozimwa, na kila ikipoa kabati lilivuta hewa ya nje kupitia pembeni mwa waya.

Aliyeliona ni Josphat. Kabla ya kuja huku alifanya kazi Naivasha, katika vyumba vya baridi vya maua, na huko maji yakionekana kwenye kioo watu hukimbia. Aliliona doa la mvuke pembe ya chini ya kioo, kwa ndani, kubwa kama sahani ya chai. Aliripoti chumba cha kamera. Wakamwambia mtambo unaonyesha ukumbi uko sawa. Aliripoti siku ya pili, akaambiwa kazi yake ni watu wasiguse. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, tunafungua jioni tu. Asubuhi akanipigia mimi, nyumbani Khuwair ya Kusini, namba yangu aliitoa kwa mama wa usafi.

"Madam, samahani kukusumbua siku ya kupumzika. Hiyo glasi ya bakuli iko na maji ndani. Nimesema mara mbili, wananiambia mafi mushkila, hakuna shida."

"Bakuli lenyewe likoje?"

Nikamsikia anainama. "Liko na kitu kama unga. Kijani kibichi. Jana hakukuwa."

Sikumaliza chai. Shaba iliyokaa ardhini karne na karne ina chumvi ndani yake. Ikikaa pakavu chumvi inalala. Ikipata unyevu inaamka, inaila shaba kutoka ndani na kuitoa nje kama unga, na ugonjwa huo hauponi wala haungoji. Nilipofika niliukuta ule unga kwenye ukingo, mahali pale pale palipopinda, na vipunje vitatu vimeshaangukia kwenye kitambaa.

Nilimpigia Dokta Marit. Simu imezimwa, nikajibiwa ofisini kwao kuwa yuko angani, safari ya saa nyingi, nikaacha ujumbe. Nilimpigia Talal. Alikuwa Yiti, ufukoni na familia yake, nnasikia watoto. Alisema Kiarabu.

"Usifungue. Mkataba unasema asifungue mtu. Jumapili tutakaa kikao."

"Jumapili ukingo hautakuwepo."

"Bi Rayya, ukifungua umevunja mkataba wewe, si mimi."

Hapo alisema kweli. Nilikata simu nikasimama mbele ya kabati, na nnakiri kuwa sikufikiri mambo makubwa. Nilifikiri tu kwamba nimeonya kwa mdomo, nimeonya kwa waraka, na sasa nnaambiwa nitazame. Kifuniko cha kioo cha kabati lile ni cha kunyanyuliwa na watu wawili. Ijumaa asubuhi tulikuwa wawili.

"Bwana Josphat," nikasema, "nnataka mtu wa kushika upande wa pili. Ukikataa sitokulaumu."

Akatazama juu. "Hiyo kamera inaniona."

"Inatuona sote."

"Lakini wewe ni Mwomani, madam. Mimi ni mgeni."

Neno hilo lilikuwa kweli, na nilipaswa kulijua kabla ya kufungua mdomo. Nilikuwa nishaanza kusema basi niache nimwite mtu, ingawa hakukuwa na mtu wa kuitwa, alipoweka redio yake ya mkononi chini sakafuni.

"Nishike wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Tulinyanyua kioo, tukakilaza juu ya blanketi. Nililitoa bakuli kwa mikono miwili juu ya trei yenye sponji, nikalitia katika sanduku la plastiki lenye punje kavu, nikafunga. Vile vipunje vitatu nikavifunga katika kichupa chake. Josphat alimulika chini ya kitako kwa tochi ya simu, tukaliona lile tundu: gundi ilikuwa imeshika waya upande mmoja tu, upande wa pili kidole changu cha mwisho kiliingia. Tukalipiga picha kidole kikiwamo. Niliandika kila kitu na saa yake, nikamwomba Josphat asome, akanisahihisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika mvuke ulionekana siku mbili, yeye akasema siku tatu, leo ikiwa ya tatu.

Dokta Marit alirejea Jumapili mchana. Hakuvua hata koti. Alilitazama bakuli kwa kioo cha kukuza kwa muda wa saa nzima na mimi nimesimama ukutani kama mwanafunzi aliyetolewa darasani.

"Siku mbili zaidi," akasema mwishowe, "ukingo ungevunjika." Akafunga sanduku. "Lakini nitaandika kuwa lilifunguliwa. Lazima niandike."

"Andika," nikamwambia. "Na mimi ningeandika."

Kikao kilikaa. Nikapewa barua ya onyo, ninayo, iko kwenye droo na vitambaa vya meza. Taa ikaondolewa, tundu likazibwa na fundi wa kweli, bakuli likabaki ghalani kwenye ukavu mpaka mwisho wa maonyesho, na mahali pake pakawekwa picha. Hayo yote nilikuwa tayari nayo. Ambalo sikuwa tayari nalo ni kwamba Jumatatu asubuhi niliingia ukumbini nikakuta mlinzi mwingine.

Nilimuuliza Talal. Akasema ni uamuzi wa kampuni. Nikaenda Hamriya kwenye ofisi ya kampuni, ghorofa ya tatu juu ya duka la mapazia, msimamizi akaniambia ni ombi la mteja. Mteja ni sisi. Nikarudi kwa Talal, akasema yeye aliandika barua ya kawaida tu. Nikarudi Hamriya, msimamizi amekwenda kula. Watu wananiuliza kwa nini nilikuwa mkali kazini.

Josphat nilimpata mwenyewe, na pa kumpatia ni karibu na nyumbani kwangu: uwanja wa kuegesha magari nyuma ya jengo la ofisi, Khuwair ya Kusini, juani, na kofia ya kampuni.

"Bakuli likoje?" Ndilo alilouliza kwanza.

"Limesimama. Ugonjwa umetulia."

"Sawa."

Nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na alipojibu hakuwa na upole wa kunifariji, na alikuwa na haki.

"Madam, kwa ripoti wameandika nini juu yangu?"

Nilikuwa nimeisoma ripoti ya Talal. "Wameandika, mlinzi aligusa kabati bila ruhusa."

"Na mvuke?"

"Wameandika uligunduliwa na wahusika."

Alimwelekeza mtu mmoja mahali pa kuweka gari, akarudi. "Hili jua nitalivumilia. Lakini hiyo ndio itanifuata. Mkataba ukiisha, nikiomba kazi kwingine, watapigia kampuni simu. Wataambiwa, huyu aligusa mali ya mteja. Hakuna mtu ataambiwa ni kwa nini."

Nilimwambia nitalishughulikia. Aliitikia kwa kichwa, namna mtu anavyoitikia ahadi ambazo amezoea kuzisikia.

Nilijaribu njia za kawaida, barua mbili na kikao kimoja. Talal alisema ripoti imeshafungwa, na maandishi yangu ya ile Ijumaa yako faili. Basi nikangoja, kama Maalim Nasser na mitungi yake, mpaka siku ya kufungasha.

Siku hiyo vitu vyote vinakaguliwa kimoja kimoja, na mwisho kuna hati ya hali ya vitu, yenye saini mbili: ya mwakilishi wa wenyewe na ya mtunzaji wetu. Bila saini zote mbili sanduku halitoki. Mtunzaji nilikuwa mimi. Dokta Marit akatia yake. Lori limewashwa nje, ndege ina saa yake. Nilisoma ukurasa wa bakuli, nikaweka kalamu mezani.

"Kuna kosa," nikasema. "Imeandikwa mvuke uligunduliwa na wahusika. Si kweli. Aliyegundua ni mtu mmoja."

Talal alianza na Kiarabu: hiyo ni hati ya kimataifa, si mahali pa kuandika majina ya walinzi. Nikamwambia hati ya hali husema nini kilitokea na nani aliona. Akasema dereva anangoja. Nikasema nnamsikia. Akahamia Kiswahili.

"Mama, nakuomba. Unataka kunifedhehesha mbele ya wageni?"

"Nnataka sentensi moja, mwanangu. Nitakutajia, uiandike."

Dokta Marit hakujua Kiswahili, lakini alijua sura za watu. Akauliza kuna nini. Nikamweleza kwa Kiingereza: mvuke uliripotiwa mara mbili na mlinzi, akapuuzwa, siku ya tatu akanipigia, na kioo nilimwomba mimi anisaidie kukinyanyua. Akamgeukia Talal.

"Mimi niliambiwa mtambo ndio uliotoa tahadhari," akasema.

Talal akasema mambo yalikuwa mengi siku zile. Dokta Marit akachukua hati kutoka mbele yangu, akaikata saini yake mwenyewe kwa mstari. "Iandikwe upya," akasema. "Jina lake kamili ni nani?"

Nikajua nusu tu. Miezi yote ile nilikuwa namwita Bwana Josphat, na siku niliyomwomba ahatarishe kazi yake sikujua jina la baba yake. Nikampigia simu palepale.

"Jina lako linaandikwaje? Lote."

"Kuna shida gani, madam?"

"Hakuna shida. Nitajie herufi."

Akaanza polepole, magari yanapita nyuma yake. "J, O, S, P, H, A, T. Hakuna E hapo kati. Watu wote huweka E. Halafu Mutiso. Halafu Kilonzo."

Talal aliandika mwenyewe kwenye kompyuta, sentensi yangu neno kwa neno, karatasi ikatoka. Nikavaa miwani. Aliweka E. Nikamrudishia, nikavuta kiti, nikakaa. Karatasi ya pili ilikuwa sawa, tukatia saini, lori likaondoka na ndege haikukosa kitu.

Nakala niliipeleka Khuwair jioni ile ile. Josphat aliisoma akiwa amesimama, akairudia mstari ule mmoja, akaikunja mara nne akaitia mfuko wa shati, chini ya beji ya kampuni. Hakurudishwa ukumbini, msidhani. Alisimama uwanjani pale mpaka mkataba ulipokwisha. Kisha akaipeleka karatasi kwenye ghala moja la baridi la vyakula, walikotaka mtu wa kukagua vyumba, wakamchukua.

Wiki iliyopita alinitumia picha ya kitambulisho chake kipya. Wameandika Josephat. Nimemwambia akirudishe.